Kundi Huru la Geti la Nyuma

Nilikuwa nimesimama kabisa, kikombe mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia hewani, nikimtukana mtu nisiyemjua. Nikasema: mzazi gani mwenye akili timamu anaweza kuunga mkono hoja ya kufunga geti la nyuma la shule, ili watoto wadogo wazunguke mpaka barabara kuu ya Mbale na Tororo, wapenye katikati ya malori ya mahindi, ndipo waingie kusoma? Nikamwita mtu huyo bongo lala. Nikamwita kibaraka. Nikamwita jina moja nililojifunza Juba, ambalo mpaka leo sijui maana yake. Benchi zima likanyamaza, nami nikadhani limezidiwa na ufasaha wangu. Ndipo Nambozo, aliyekuwa akishusha mkungu wa matoke mlangoni kwa Shamim, akanyoosha mgongo na kunitazama.

— Pasipoti, ni wewe.

— Mimi nani?

— Wewe ndiyo uliunga mkono. Ijumaa, kwa mkutano. Afande aliuliza nani anaunga, wewe ukasimama mpaka kiti kikaanguka.

Kiti kilianguka kweli, hilo nalikumbuka. Hoja yenyewe ndiyo nilikuwa siikumbuki. Ilikuwa mchana, jua limekalia mabati ya darasa la saba, na Afande Gaster, mwenyekiti wa chama cha wazazi na walimu, alikuwa akisoma hotuba tangu asubuhi. Nikasinzia. Niliposikia "nani anaunga mkono?" nikajua tumefika mwisho, maana nimehudhuria mikutano katika nchi nyingi na hoja ya mwisho kote ni ya kwenda kula. Nikaunga kwa nguvu zote, macho yakiwa kwenye sufuria ya pilau. Kumbe pilau ilikuwa bado. Tulikuwa kwenye geti.

— Kwa hiyo yule bongo lala, akasema Konteina polepole, kama mtu anayepakua trei za mayai, ni huyu wetu.

Nikakaa.

Benchi letu liko Busiu, mbele ya kibanda cha Shamim, mwanamke pekee hapa anayejua kuchemsha kahawa na tangawizi bila kuharibu vyote viwili. Tunaongea Kiswahili kwa ajili ya Konteina, kisha kila mmoja anakivunja kwa upande wake. Jina lake hasa ni Otiende, Mkenya, mnunuzi wa mahindi. Akianza kuongea ni kama amefungua mlango wa kontena, utasubiri mpaka mzigo uishe. Pembeni yake hukaa Jude, dalali wa viwanja, ambaye huitwa Katiba kwa sababu hata akiomba sukari husema ni haki yake kikatiba. Mimi ni Pasipoti. Nimefika Mombasa, Juba na Bujumbura juu ya malori, na waliobuni jina hilo hawajui kwamba katika safari zote hizo sikuwahi kuwa nayo.

— Chekeni tu, akasema Nambozo. Jumatatu tairi la lori lilipita juu ya kandambili ya Gorreti wangu. Mguu ulikuwa umeshatoka. Kandambili ilibaki pale kwa lami.

Shamim akaacha kumimina. Gorreti yuko darasa la kwanza. Kila asubuhi hupita hapa akiimba hesabu.

— Nataka geti ya nyuma ifunguliwe, Nambozo akaendelea. Ni hiyo tu. Nyinyi mnajua kusema. Inukeni twende kwa Afande.

Tungeinuka. Naamini kabisa tungeinuka. Mimi nilikuwa nimeshaweka kikombe chini. Nyumba ya Afande iko nyuma ya kinu cha kusaga, mtu anafika kabla kahawa haijapoa tumboni. Lakini Katiba alikuwa amekohoa.

— Ngoja, nyabo. Tukienda hivi, tunaenda kama nani?

— Kama watu.

— Watu hawatambuliki, akasema Katiba. Afande atatuuliza sisi ni chombo gani. Kuna chama cha wazazi, hicho ni chake. Amekikalia tangu alipostaafu uaskari magereza. Sisi tuunde kundi letu, kundi huru la wazazi, likae pembeni ya chama. Halafu kundi ndilo linakwenda.

— Sasa hapo umeongea! Konteina akapiga goti. Kwetu Kenya huwezi hata kulalamikia mvua bila kundi.

— Linakwenda lini? akauliza Nambozo.

— Likishaundwa.

— Linaundwa lini?

— Si ndiyo tunaunda, nyabo! Shamim, ongeza kahawa.

Nami, badala ya kusema lolote la maana, nikasogea ili benchi litoshe kundi.

Msomaji wa mbali lazima aelewe jambo moja. Hapa kwetu watu wakikutana chini ya paa moja, hata kama wamekimbia mvua, kabla shati halijakauka watakuwa wamepata mwenyekiti, makamu, katibu, katibu wa habari na katibu wa ulinzi. Tumezoea hivyo kutoka kwenye halmashauri za kijiji. Kundi likikosa katibu wa ulinzi tunaliona kama nyumba isiyo na mlango. Basi tukaanza na vyeo.

Katiba akawa katibu, kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu, ingawa hakuwa na karatasi. Konteina alitaka umakamu, akakumbushwa kwamba si raia.

— Yawa! Mahindi yenu nanunua kama raia, cheo ndiyo mnaninyima?

— Tutakupa uangalizi, akasema Katiba. Mwangalizi wa kimataifa.

— Mwangalizi anakaa mbele au nyuma?

— Anakaa popote lakini hapigi kura.

— Sawa. Lakini kwa picha nakaa mbele.

Mimi nikapewa mambo ya nje. Nikauliza, kwa unyenyekevu wa kujifanya, kundi la wazazi la Busiu lina mambo gani ya nje. Katiba akajibu kwamba shule za Namatala zitasikia habari zetu, zitataka uhusiano, na mtu wa kuzipokea lazima awe amezunguka dunia. Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Mtu mzima, niliyekamatwa muda mfupi uliopita nikijitukana hadharani, sasa ni waziri.

— Na mimi? akauliza Nambozo.

— Wewe mambo ya akina mama.

— Na geti?

— Iko kwenye ajenda, nyabo.

— Wapi kwenye ajenda?

Katiba akatazama juu, mahali alipokuwa ameiandika.

— Chini ya mengineyo.

 Nambozo akachukua kitambaa chake, akakikunja, akakiweka kichwani kama mtu anayejiandaa kubeba, na hakuwa na kitu cha kubeba. Wanawake wenzake walikuwa wanarudi kutoka shambani na majembe. Akawafuata mpaka kando ya kinu, wakasimama wakaongea Kimasaba, mikono ikienda huku na huku. Sisi tulikuwa tumefika kwenye rangi ya fulana, kwa hiyo hatukusikiliza.

Rangi ilitupa taabu. Ya njano ni ya chama cha siasa. Nyekundu, chama. Bluu, chama. Kijani, chama. Konteina akasema tuvae nyeupe, Katiba akasema nyeupe ni ya kwaya na kwaya ina mwenyekiti wake. Tukabaki na rangi ya udongo. Shamim akasema hiyo ni nzuri, haitaonyesha tulipokaa.

— Lakini tujiulize, akasema Katiba, akishusha sauti. Kwa nini hasa geti lilifungwa?

— Afande alisema mahali pa watu wengi panatakiwa mlango mmoja, nikasema. Amefundishwa hivyo magereza. Halafu lile geti jipya la barabarani limechorwa jina la shule, wageni walione.

— Hiyo ni ile wanayotuambia.

— Na ile wasiyotuambia?

Katiba akasogea.

— Watu wa upande wa migomba, kule geti la nyuma linakotokea, wanapigia kura kituo kingine. Ukiwazoesha kuzunguka barabarani, taratibu wanahesabiwa huku. Mpaka unahama na miguu ya watoto.

— Wewe! akasema Konteina. Ni kubwa kuliko hiyo. Ile njia ya migomba inatokea wapi? Inatokea njia ya magendo. Sukari, mafuta, vitenge. Kuna mkubwa ametaka njia ibaki tupu, mizigo yake ipite bila watoto kuitazama.

— Watoto wa darasa la kwanza wataitazama wamjulishe nani? akauliza Shamim.

— Watoto ndiyo hujulisha watu, mama. Mtu mzima unamnunulia soda ananyamaza. Mtoto anakunywa soda yako na bado anasema.

Hapo nikaona mambo ya nje yanaachwa nyuma. Nikasema kuna mji mmoja, sitautaja kwa usalama wa waliobaki, ambako niliona kwa macho yangu shule iliyofunga mlango wa nyuma, na baada ya muda ikageuzwa kambi ya jeshi. Sikuwahi kuona kitu kama hicho popote. Lakini mtu akishaitwa Pasipoti watu wanategemea muhuri.

— Jeshi gani? Konteina akauliza, macho yamemtoka.

 Katiba akaniokoa.

— La majini.

— Busiu? Maji iko wapi?

— Ndiyo sababu hakuna atakayeshuku.

Tukanywa kahawa kwa hofu ya kweli. Nilijikuta nikitazama dimbwi lililo mbele ya kinu kwa macho mapya. Na ni katika hali hiyo, vichwa vimegusana, tuliposikia viatu. Afande Gaster hatembei kama sisi. Hata akienda kununua chumvi, ardhi inajua.

Tukasimama wote. Hakuna aliyetuamuru. Ni mazoea ya nchi: Kiswahili cha afande kikikaribia, miguu inajinyoosha yenyewe. Ndivyo hoja zake zote zinavyopita pale shuleni. Anaziuliza kwa Kiswahili, na watu wazima wanakumbuka wanajeshi waliowaamuru kwa lugha hiyo kwenye vizuizi vya barabarani vya ujana wao.

— Kaa chini, akasema. Nyinyi naongea nini hapa?

— Maendeleo, Afande, akasema Katiba.

— Wanaanzisha kundi la kukupindua, akasema Shamim. Kahawa nikuwekee sukari?

Nikaficha uso ndani ya kikombe. Afande akakaa. Benchi likainama upande wake.

— Weka. Kundi gani?

Katiba akaeleza. Akaeleza kwa heshima nyingi hivi kwamba kufikia katikati hata mimi sikuelewa kama tunampinga au tunamsifu. Neno geti hakulitaja. Alitaja ushirikishwaji, uwazi, na mara moja akataja wanyamapori, sijui waliingiaje. Afande alisikiliza akitingisha kichwa.

— Kundi huru ni kitu mzuri, akasema. Mimi napenda. Lakini kundi huru bila mtu ya nidhamu inakuwa fujo. Nani mwenyekiti?

 Katika kugawa vyeo, cheo hicho tulikiruka, kila mmoja akidhani ni wake.

— Bado, Afande.

— Iko mtu ya uzoefu?

Konteina ni mtu mwema, lakini ana malori ya mahindi yanayoegeshwa mbele ya geti la barabarani kwa hisani ya Afande. Akasema kwamba kwa mtazamo wa kimataifa anaona mtu mmoja tu. Katiba akasema katiba haikatazi. Afande akakohoa, akauliza:

— Nani anaunga mkono?

Haki ya Mungu, mkono wangu sikuutuma. Nilikuwa macho kabisa safari hii, sina hata pilau ya kusingizia. Niliuona ukipanda mbele ya uso wangu kama mkono wa jirani.

Basi kundi huru la wazazi likapata mwenyekiti, bila kupingwa, na akaagiza kahawa kwa wajumbe wote. Shamim pekee ndiye hakupiga makofi.

— Afande, akasema, si sasa uko na hawa? Ufungue ile geti ya nyuma tu, iishe. Mtoto wa Nambozo nusura agongwe.

Afande akaweka kikombe chini. Nitasema hili kwa haki: uso wake ulibadilika. Hakuwa amelisikia. Alisugua goti, akatazama barabara.

— Yule mdogo anaimba?

— Huyohuyo.

— Pole sana. Pole. Hiyo ni jambo ya kushughulikia.

— Basi shughulikia. Ufunguo uko nao.

— Hapana, Shamim. Elewa. Hapa mimi nakaa kama mwenyekiti ya kundi huru. Ufunguo ni ya mwenyekiti ya chama.

— Yuko wapi huyo?

— Kwa ofisi. Kundi itamwandikia, yeye ataita mkutano, mkutano itabadilisha azimio. Iko utaratibu.

— Nani atamwandikia?

— Mimi.

— Na nani atajibu?

— Mimi. Lakini mimi sijibu barua haraka.

Katiba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi anayeona ukuta umesimama wima. Konteina akauliza kama mwangalizi anaweza kupata nakala. Tukawa tumeanza kujadili barua iandikwe kwa lugha gani, ndipo mwanamke mgeni akasimama mbele yetu, kamshika mkono mtoto mwenye macho ya kulala. Alisalimia kwa adabu, nusu amepiga magoti kama wafanyavyo Wasoga. Aliitwa Nangobi. Ametoka Budondo, kule Jinja, mume wake ni polisi na amehamishiwa huku.

— Samahani, bassebo. Mtoto yangu kesho anaanza shule ile pale. Anaingilia wapi?

— Geti kubwa, nyabo, akasema Afande. Ile ya barabara. Iko na jina juu, huwezi kupotea.

Nangobi akageuka akatazama. Malori ya Konteina yalikuwa yamejipanga pale mbele, makalio barabarani, na katikati yake basi la Tororo likapita likipiga honi. Mtoto akajificha nyuma ya gomesi, lile gauni pana la mama yake. Tairi lililokuwa karibu lilikuwa refu kumzidi.

— Na watoto yenu, akauliza, wanapita wapi?

Aliuliza vizuri tu, kama mtu anayetaka kuelekezwa. Akamtazama Konteina kwanza.

— Wangu wako Kisumu, akasema Konteina.

Akamtazama Katiba.

— Wangu wako bweni. Jinja.

— Jinja nimetoka leo, akasema Nangobi, na akamgeukia Afande.

Wa Afande ni watu wazima. Mmoja ni babu. Hakusema hivyo. Alikoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa. Mimi nilibaki wa mwisho, na mimi nilikwenda kwenye ule mkutano kwa ajili ya pilau, kwa jina la dada yangu, ambaye binti yake siku hizi ananizidi urefu na tangu muhula uliopita husomea Mbale mjini. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa malapa.



— Haya, akasema Nangobi, bila ubaya wowote. Basi nitapita naye pale kwa wale mama wameinua geti.

— Geti gani? tukasema pamoja.

Tukainuka. Nyuma ya kinu, pale njia ya migomba inapokutana na ua wa shule, majembe yalikuwa yamelazwa kwenye nyasi. Geti lile la nyuma ni la zamani, limekalia tu vyuma vyake viwili. Likipata mikono ya kutosha linainuliwa kutoka chini na kung'oka kama kifuniko cha sufuria. Lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba. Mnyororo ulikuwa umezungushwa vilevile, na kufuli limefungwa kama lilivyoazimiwa. Darasa la kwanza hutoka mapema, na watoto walikuwa wanapita kwenye uwazi, mmoja baada ya mwingine. Nambozo alikuwa amesimama pale akiwapungia mkono wasikimbie, ingawa hapakuwa na kitu cha kuwagonga isipokuwa mbuzi. Nangobi alikuwa ameshaanza kuelekea huko na wake.

Afande akatoka kwa hatua zake zile. Sisi tukamfuata kwa mbali, kundi zima, mwangalizi wa kimataifa akiwa nyuma kabisa.

— Nambozo! Hiyo geti ilifungwa kwa azimio!

— Bado imefungwa, Afande. Kufuli hatujagusa.

— Nani alipitisha jambo hii? Nani aliunga mkono? Iko wapi mwenyekiti? Nyinyi ni kamati gani?

Nambozo alimaliza kwanza kumpitisha mtoto aliyekuwa mbele yake, akamfunga kifungo cha shati.

— Sisi si kamati, Afande. Sisi ni mama zao.